Krismasi Niliyowatoa Watoto Kanisani

Mwezi uliopita, kwenye msiba pale Mlowo, mchungaji alisema marehemu aliwapenda sana watoto wadogo, nami nikacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kikubwa, nilikigeuza kikohozi na kujifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, lakini dada aliyeketi karibu yangu kwenye mkeka alinikazia macho mpaka nikainamisha kichwa. Marehemu alikuwa Mama Namfukwe, aliyenipangisha chumba Tunduma mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na nikifundisha watoto wa chekechea. Uzeeni alihamia Mlowo kwa binti yake, na habari za kifo chake nililetewa kwa simu na mtu asiyejua lolote lililopita kati yetu. Nyumbani waliniuliza kama nakwenda kuzika, nikasema ndiyo. Sikuwaambia kwamba nakwenda kuhakikisha. Najua hayo si maneno ya mwanamke aliyevuka hamsini, tena mzee wa kanisa, lakini nimefika mahali ambapo kusema uongo kunanichosha kuliko kuchukiwa. Msemaji wa familia naye akaongeza kwamba kila sikukuu nyumba ya marehemu ilijaa watoto. Hilo ni kweli, ilijaa. Ila mimi niliishi ndani ya nyumba hiyo mwaka mzima, na ninawajua watoto waliobaki nje ya geti.

Tunduma wakati ule bado ilikuwa Mkoa wa Mbeya. Mji ulikuwa barabara moja iliyojaa malori, na vumbi lake uliweza kulitafuna. Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, kimepakana na jiko, na ukuta wa kututenganisha haukufika juu. Kati ya tofali la mwisho na bati palibaki nafasi ya kupita mkono, na hapo palipita moshi, harufu ya maharage na kila neno lililosemwa na wanawake waliokuja kukaa jikoni kwa Mama Namfukwe. Nilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo mbili, na msumari wa kutundikia gauni langu la Jumapili. Mimi ni Mndali wa Ileje, na wiki ya kwanza tu nilisikia mmoja akisema, "Huyu Mndali wenu anaringa. Anawasalimia watoto kabla ya watu wazima." Mama Namfukwe akajibu kwa Kiswahili chake kizito, chenye mwendo wa Kinamwanga, "Ataacha. Wote huwa wanaacha." Asubuhi yake alinigongea akanipa chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akasimama mlangoni mpaka nikaimaliza, akachukua kikombe chake akaondoka. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nilipougua malaria mwezi wa tatu alinipikia uji siku nne mfululizo, na kila aliponiletea alisema, "Kunywa, usije ukanifia humu ndani." Ningependa kusema alikuwa mbaya moja kwa moja, ingekuwa rahisi zaidi kumchukia.

Chekechea ilikuwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Watoto walikuwa ishirini na watatu, wa miaka minne hadi sita, na wengi wao walikuwa watoto wa mawakala wa forodha, wenye maduka na wabadilisha fedha wa pale mpakani. Sita walikuwa watoto wa wanawake waliouza chakula na vinywaji kwa madereva waliokwama kwenye foleni ya malori. Mchungaji wa zamani ndiye aliyewapokea, kisha akahamishwa, na aliyemfuata aliyaacha mambo ya watoto mikononi mwa umoja wa akina mama, ambao mwenyekiti wake alikuwa Mama Namfukwe. Akina mama wale waliwaita "watoto wa foleni." Waliwaita hivyo hata mbele yao, nao watoto wakadhani ndilo jina la kundi lao, kama darasa lingine lilivyoitwa Simba. Siku moja nilimuuliza Bwalya, binti wa miaka mitano, anakaa wapi. Akasimama wima, mikono nyuma, akasema kwa majivuno, "Mimi ni mtoto wa foleni, madamu." Mama yake alitoka upande wa pili wa mpaka, Nakonde, na aliuza munkoyo, ile togwa yao ya mizizi, kwa dumu la njano. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, ambaye kila asubuhi alimleta mtoto amesukwa vizuri, akanisalimia kwa lugha yao, "Mulishani, ba ticha," na kuondoka kabla sijajibu.

Sikukuu ya kwanza ilikuwa Pasaka. Baada ya ibada watoto wote wa chekechea walialikwa chakula uani kwa Mama Namfukwe. Tangu alfajiri kuku walikuwa wakichemka, na kupitia ile nafasi ya ukutani nilisikia sahani zikipangwa na sauti yake ikisema, "Wale sita waje baadaye, wenzao wakishamaliza. Mama zao wakiona wamekaa na wenzao, kesho watakuja na wao." Nilidhani ni maneno tu. Lakini walipofika getini, wakiwa wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, mmoja wa akina mama aliwageuza mabega akawapeleka nyuma ya jiko, wakakaa kwenye kuni. Wenzao walipomaliza wali, nililetewa beseni la kande za jana na upawa. Nami niliwapakulia. Hakuna aliyenishika mkono. Niliwapakulia kande watoto sita waliokuwa wamesikia harufu ya kuku kwa muda wa saa mbili, na Bwalya akasema, "Asante madamu," akala akamaliza. Nimesimulia habari za mwaka ule mara nyingi, kwa wanangu na kwa walimu wenzangu, na kila mara nilianzia Krismasi. Sijawahi kuanzia kwenye ule upawa.

Ilipofika Idi, fundi cherehani wa nyumba ya pili, Mama Zuhura, aliniita kwenye kibaraza chake. Alikuwa mjane, mtu wa Rukwa, na binti yake Zuhura alikuwa mwanafunzi wangu ijapokuwa hawakuwa watu wa kanisa. "Mwanangu," aliniambia akiwa na pini midomoni, "Idi napika pilau. Niletee watoto wote." Nikamuuliza kama ana maana wote kabisa. Akazitoa pini. "Kwani wako wa aina ngapi?" Basi niliwapeleka wote ishirini na watatu, wameshikana mikono wawili wawili, tukiimba njia nzima. Alitandika mkeka mmoja mkubwa, akawamwagia maji ya kunawa mmoja mmoja, akaweka masinia manne katikati. Walikula kwa mikono mpaka viwiko vikang'aa mafuta. Mtoto wa wakala mmoja wa forodha, aliyezoea kulishwa kwa kijiko nyumbani kwao, alimwekea Bwalya kipande chake cha nyama mdomoni, naye Bwalya akamwekea kipande cha kiazi. Saa ile nilijiona mwalimu hodari. Nilikaa pembeni ya mkeka nikiwa nimeshiba, nikidhani mji mzima unaniona na unafurahi.

Mji uliniona kweli. Jioni hiyo jiko la Mama Namfukwe lilijaa, nami nikakaa kitandani bila kuwasha taa, nikisikiliza. "Mwalimu wa kanisa anawalisha watoto wa kanisa Idi," alisema mmoja. Mwingine akasema mume wake ameuliza kama ndiyo dini mpya. Hayo yalikwenda kwa muda, kisha sauti nyembamba, ya mke wa mwenye duka la vipuri, ikasema lililowaleta: "Mimi pilau haina shida. Mwanangu amekuja nyumbani anasema rafiki yake ni Bwalya." Mama Namfukwe ndiye aliyejibu. Alisema, kwa sauti ya kutosha kufika chumbani kwangu, kwa kuwa alijua vizuri ukuta wake ulivyo, "Mwacheni. Binti huyu anataka kupendwa na watoto. Siku moja watamgharimu." Kesho yake hakuniletea chai. Hakuniletea tena. Barabarani wanawake niliowaamkia "Shikamoo" walijibu "Marahaba" wakiangalia malori. Mtu alimwaga maji ya vyombo kwenye kizingiti changu, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu nikaacha kupiga deki.

Nilijibu chuki kwa chuki, na lazima niliseme hilo kwa sababu ndilo lililozaa yaliyofuata. Nilianza kuwahesabia makosa. Nilijua nani alipunja uji wa watoto, nani aliimba kwa nguvu kanisani na kusengenya nje. Nilipowafundisha watoto nyimbo za Krismasi kuanzia Novemba, mvua zikiwa zimeanza na bati likipiga kelele juu yetu, nilimweka Bwalya mbele. Nitasema alikuwa na sauti nzuri kuliko wote, na ni kweli. Lakini nilimweka mbele pia ili akina mama wale wamwone. Mama Zuhura alishona majoho meupe ishirini na matatu kwa kitambaa cha mapazia alichopewa na jamaa yake, na mimi mwenyewe niliyakunja, nikayafunga kwenye shuka, nikayapeleka ofisini kwa mchungaji siku mbili kabla. Mama yake Bwalya nilipomweleza kwamba mtoto ataongoza wimbo, hakuchangamka. Aliniuliza, "Lazima akae mbele?" Nikamwambia ni heshima. Akalitazama dumu lake. "Sawa, ba ticha. Wewe ndiye unajua." Aliniambia pia kwamba asubuhi ya Krismasi atakuwa Nakonde kwa dada yake wakipika munkoyo, kwa sababu madereva waliokwama mpakani siku hiyo hunywa sana, na kwamba atamchukua mtoto mchana.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nje kulikuwa na matope, na watoto walikuwa wamebebwa mgongoni ili viatu vipya visichafuke. Bwalya alikuja na jirani yao, amevaa viatu vyekundu vya kufunga kwa kifungo, akitembea kama anayekanyaga mayai. Mlangoni mwa ukumbi akina mama watatu walikuwa wakigawa majoho kutoka kwenye shuka langu. Walipofika kwa wale sita, shuka lilikuwa tupu. "Nguo hazikutosha," alisema Mama Namfukwe. "Hawa watakaa nyuma." Nilimwambia niliyakunja mwenyewe, yalikuwa ishirini na matatu. Akaniangalia bila haya. Nyuma yake nikaona watoto sita nisiowafahamu, wajukuu waliokuja likizo kutoka Mbeya na Mlowo, wamevaa majoho ya Mama Zuhura, mmoja akijifutia kamasi kwenye mkono wake. Watoto wangu sita waliingia kanisani wakakaa nyuma, kwenye benchi la ukutani, bila ubishi. Hawakuwa na mshangao wowote usoni. Nadhani kama Bwalya angelia ningeweza kuvumilia, ningembembeleza, ibada ingeendelea. Lakini alikaa, akaviangalia viatu vyake, akaanza kuimba wimbo wetu polepole peke yake, kwa kuwa alijua mahali unapoanzia.

Mchungaji alipotangaza chekechea, nilisimama mbele nikawaambia watoto, "Wanangu, leo tunaimbia nje. Nifuateni." Na walinifuata! Wenye majoho na wasio na majoho walinifuata kupitia katikati ya kanisa, wakidhani ndiyo mchezo, na nilipopita benchi la nyuma nikawanyanyua wale sita. Naikumbuka furaha ile kwa aibu, maana ilikuwa furaha ya kulipiza. Tulitoka, tukavuka uwanja, tukaelekea kwenye kituo cha malori, na mvua ikaanza. Nilitaka waimbe pale, mbele ya madereva na wauza vyakula, mbele ya mama zao. Tuliimba ubeti mmoja. Halafu wazazi wakatufikia. Mwanamume mmoja mwenye suti alinivuta bega nikaanguka kwa magoti kwenye tope. Akina mama waliwanyakua watoto wao kwa mkono, kwa shingo, kwa majoho, na majoho yakachanika. Watoto wakaanza kulia wote kwa mpigo. Mtu alikuwa akipiga kelele, "Mchawi! Mchawi wa Kindali!" Nilipata nafasi ya kuinuka na kuwatazama waliobaki. Walikuwa watano, wameshikana chini ya tela la lori. Bwalya hakuwepo.

Sitaeleza dakika zote za mchana ule. Nilikimbia kati ya malori nikiinama kutazama chini ya kila moja. Nilimwuliza kila mwenye baiskeli. Mama Zuhura aliacha chakula chake cha wageni akaja kunisaidia, akashika upande wa soko. Nilipofika mpakani, ambapo siku za sikukuu watu walivuka kama wanaovuka uwanja wa jirani, nilikuta mama yake Bwalya akija na dumu kichwani, hajui kitu. Nilimwambia. Hakupiga kelele. Alitua dumu chini taratibu, akaliacha katikati ya njia, akarudi alikotoka akikimbia. Nilimfuata mpaka akageuka akasema, "Usinifuate." Basi nikarudi kanisani, nikakaa kwenye ngazi nimelowa, na hakuna aliyenikaribia. Ibada ilikuwa imekwisha. Wengine walikwenda kula. Wengine walibaki wakinitazama, kama tunavyotazama ajali.

Karibu saa kumi Mama Namfukwe alitokea barabarani, akitembea katikati ya matope na gauni lake la sikukuu likiwa limelowa mpaka magotini. Mgongoni alikuwa na mtoto, amembeba kwa kitenge chake kipya. Alikuwa ameondoka mara tu aliposikia mtoto amepotea, bila kumwambia mtu, akavuka kwenda Nakonde ambako alikuwa na ndugu wengi kama upande huu, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza kwa Kinamwanga. Alimpata Bwalya amekaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa. Alikuwa anamtafuta mama yake ili amwambie tunaimba nje. Viatu vyake vyekundu mtu alikuwa amemvua akaenda navyo. Mama yake alikuwa akija nyuma yao, mkono wake umeshika mguu wa mtoto. Mama Namfukwe alifika mbele ya ngazi, hakumshusha mtoto. Akanena mbele ya watu wote, kwa utulivu. "Mimi nilimnyima nguo. Wewe ulimpoteza."

Imepita miaka mingi tangu siku ile. Nimejaribu kumwambia kichwani kwamba asingepotea kama asingenyimwa, na ni kweli, na haibadilishi kitu. Kama angekuwa mwanamke wa kukaa jikoni na kusema "shauri yake," ningemzika Mlowo kwa moyo mweupe. Ni yeye aliyeingia kwenye tope, nami niliyekuwa nimeketi. Mama yake Bwalya alimfungua mtoto kutoka mgongo ule, akamshukuru Mama Namfukwe kwa magoti, kama desturi yao ilivyo, akapiga na makofi. Kisha akanijia. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. "Ba ticha," akasema, "mwanangu alikuwa amewekwa nyuma. Nyuma kuna ubaya gani? Nyuma pana paa." Aliondoka na mtoto kiunoni, na yule mtoto, akiniangalia juu ya bega la mama yake, akanipungia mkono kama alivyofanya kila siku baada ya darasa.

Siku iliyofuata nilipewa taarifa kwamba chekechea haina haja nami, na Mama Namfukwe akaniambia chumba anakihitaji kabla ya mwaka mpya. Alisema hivyo akiwa na sahani mkononi, wali na kuku wa jana, akaiweka kwenye kizingiti changu na kuondoka. Niliila. Njaa haina msimamo. Mama Zuhura alinihifadhi kwa siku zilizobaki, nikamsaidia kutia vifungo, naye hakunilaumu wala kunisifu. Mara moja tu aliniuliza, "Ulipowatoa, ulikuwa unakwenda nao wapi?" Nikamwambia sikujua. Akasema, "Hilo ndilo," akaendelea kukanyaga cherehani.

Asubuhi ya mwaka mpya, kabla ya kupanda gari la kwenda Ileje, nilikwenda kwa mama yake Bwalya. Walikaa kwenye chumba cha mabanzi nyuma ya gereji. Watoto wa mtaa walikuwa wamevaa nguo za sikukuu, wakipita nyumba kwa nyumba kula vitumbua na soda, na waliponiona walianza kukimbilia kwangu wakiita "Madamu! Madamu!" Mama zao wakawaita kwa majina, kwa sauti kali, nao wakasimama katikati ya njia wakinitazama. Nilipiga hodi. Ndani palikuwa na moshi wa mkaa na mtu anayekoroga chungu, nikasikia mwiko ukigonga. Nikapiga hodi tena. Mwiko ukanyamaza. Pakawa na mnong'ono, kisha miguu midogo ikaja mpaka nyuma ya mlango, ikasimama.

"Madamu," Bwalya alisema kupitia ufa wa ubao, kwa sauti yake nzuri ya kuimba. "Mama amesema hatupo."

Nilibaki nimeushika ubao ule kwa kiganja. Upande wa pili nilimsikia akipumua, akisubiri nimwambie kama amejibu vizuri, kama alivyozoea darasani.

"Vizuri sana, Bwalya," nikasema. "Umejibu vizuri."